Kwa nini vigogo huanguka mwezi Machi: jibu kuhusu mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani

Swali: Shikamoo, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Wanafunzi wangu wanapenda kutazama marudio ya mashindano ya ubingwa wa mpira wa kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani, hasa yale ya mwaka 2023, ambapo timu zote nne zilizopewa namba moja zilitolewa kabla ya hatua ya nane bora, na Purdue, moja kati ya hizo, ikafungwa na chuo ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukisikia. Baadhi yao wanasema ni bahati tupu, wengine wanasema matokeo yalipangwa kwa ajili ya kamari, na mimi mwenyewe nashindwa kuwaeleza kwa nini, baada ya maajabu yote hayo, bingwa alikuwa Connecticut, chuo kikubwa chenye mataji mengi. Ukweli ni upi?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Swali lako limebeba mambo matatu, na nitayajibu yote, ingawa si kwa uzito ulio sawa, kwa sababu moja kati yake linahitaji maneno machache tu na mengine mawili ndiyo kiini cha mashindano yenyewe. Yaliyotokea mwezi Machi 2023 hayakupangwa na mtu, na kuyaita bahati tupu ni kuwanyima haki vijana waliofanya kazi kubwa. Yalitokana na umbo la mashindano hayo, ambalo humpa mnyonge mchezo mmoja tu wa kumkabili mwenye nguvu, na yalitokana na timu chache zilizojua namna ya kuutumia mchezo huo mmoja.

Tuanze na umbo hilo. Tangu mwaka 1985 mashindano ya wanaume yamekuwa na timu 64 katika jedwali kuu, na tangu 2011 jumla ni 68, kwa kuwa timu nane hucheza kwanza michezo minne ya awali mjini Dayton, Ohio, kuwania nafasi nne. Timu hugawanywa katika kanda nne, na ndani ya kila kanda kamati huzipanga kwa ubora kuanzia namba 1, inayodhaniwa kuwa bora kuliko zote, hadi namba 16, inayodhaniwa kuwa dhaifu kuliko zote, kisha namba 1 hukutana na namba 16, namba 2 na namba 15, na kuendelea hivyo. Mchezo ni wa dakika 40 katika uwanja ambao kwa kawaida si wa timu yoyote kati ya hizo mbili, na anayefungwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo, maana hakuna marudiano wala makundi. Anayetaka taji ni lazima ashinde michezo sita mfululizo kwa muda wa takriban wiki tatu.

Sasa chukua chaki uwaoneshe wanafunzi wako wa kidato cha nne, ambao wamekwisha kusoma uwezekano katika somo la hisabati. Tuseme ipo timu nzuri kiasi kwamba katika kila michezo kumi dhidi ya mpinzani yeyote hushinda minane. Uwezekano wake wa kushinda michezo sita mfululizo ni 0.8 iliyozidishwa kwa yenyewe mara sita, nayo ni kama asilimia 26, yaani mara tatu kati ya nne timu hiyo bora itaangukia mahali fulani njiani. Ukiipandisha hadi ushindi wa michezo tisa kati ya kumi, uwezekano wa ubingwa unakuwa asilimia 53 tu. Linganisha na ligi ya kulipwa ya NBA, ambako timu mbili hukutana hadi moja ishinde michezo minne kati ya saba: huko timu yenye uwezekano wa asilimia 60 katika mchezo mmoja hupita hatua hiyo kwa uwezekano wa asilimia 71, kwa sababu kosa la usiku mmoja husahihishwa usiku unaofuata. Mashindano ya vyuo hayana usiku unaofuata, na hilo pekee linaeleza sehemu kubwa ya kile ambacho wanafunzi wako wanakiita maajabu.

Hata hivyo, hesabu hiyo haielezi kila kitu, kwani namba 16 kumfunga namba 1 ni jambo la nadra sana. Kati ya 1985 na 2025 mashindano yamefanyika mara 40, kwa kuwa yale ya 2020 yalifutwa kutokana na janga la korona, na katika michezo 160 ya namba 1 dhidi ya namba 16 ni miwili tu iliyoshindwa na namba 16. Kwa upande wa wanawake lilitokea mapema zaidi, mwaka 1998, Harvard ilipoifunga Stanford 71 kwa 67 katika uwanja wa Stanford yenyewe. Kwa wanaume ilikuwa tarehe 16 Machi 2018 mjini Charlotte, ambapo UMBC, chuo cha jimbo la Maryland, kiliifunga Virginia 74 kwa 54. Wakati huo timu za namba 1 zilikuwa zimeshinda michezo yote 135 ya aina hiyo. Miaka mitano na siku moja baadaye, tarehe 17 Machi 2023, ikaja zamu ya Purdue kuingia katika historia hiyohiyo.

Mchezo huo wa Purdue ndio ningependa wanafunzi wako wautazame kwa makini kuliko mwingine wowote. Fairleigh Dickinson ni chuo cha New Jersey ambacho msimu uliotangulia kilikuwa kimeshinda michezo minne tu. Kilimwajiri kocha mpya, Tobin Anderson, aliyetoka katika chuo cha daraja la pili, naye akaja na baadhi ya wachezaji wake wa huko, akiwamo Demetre Roberts, mwenye urefu wa sentimita 173 hivi. Timu hiyo haikuwa hata bingwa wa ligi yake ndogo: ilifungwa fainali na Merrimack kwa pointi moja, lakini Merrimack ilikuwa bado katika kipindi cha mpito cha kupanda daraja na kanuni hazikuiruhusu kushiriki, hivyo nafasi ikaenda kwa aliyeshindwa. Ikapita Dayton kwa kuifunga Texas Southern, na siku mbili baadaye ikaingia uwanjani mjini Columbus ikiwa ndiyo timu fupi kuliko zote 363 za daraja la kwanza. Mbele yake alisimama Zach Edey wa Purdue, Mkanada mwenye urefu wa sentimita 224, aliyekuwa mchezaji bora wa msimu huo.

Fairleigh Dickinson haikujaribu kushindana na Edey kwa urefu. Ilikaba uwanja mzima tangu Purdue ilipokuwa ikirusha mpira kutoka mstari wa nyuma, ikiwalazimisha walinzi wake wawili wanaoanza, Braden Smith na Fletcher Loyer, ambao wote walikuwa mwaka wa kwanza chuoni, waubebe mpira kwa shida katika kila zamu. Mpira ulipovuka nusu ya uwanja, mchezaji mmoja alisimama mbele ya Edey kuziba njia ya pasi na mwingine nyuma yake, jambo lililowaacha wachezaji wengine wa Purdue wazi nje ya mstari wa pointi tatu. Hapo ndipo kamari ya kocha Anderson ilipolala, kamari ya kimchezo: aliwaambia wapinzani wake, kwa vitendo, kwamba wakiweza kufunga kutoka mbali wafunge. Purdue ilirusha mara 26 kutoka nje ya mstari huo na ikafunga mara 5. Edey alipata pointi 21 na ribaundi 15, takwimu ambazo siku nyingine zingetosha kabisa, lakini timu yake ilipoteza mpira mara 16, na zikiwa zimesalia dakika ya mwisho hivi Sean Moore, aliyemaliza na pointi 19, alifunga pointi tatu iliyoikata roho Purdue. Matokeo yakawa 63 kwa 58.

Angalia hapo, Mwalimu, mahali bahati inapoanzia na mahali inapoishia. Kama Purdue ingefunga mipira miwili zaidi tu kati ya ile 26, pasipo jambo jingine kubadilika, ingeshinda kwa pointi moja, na leo tusingekuwa tunaandikiana. Hiyo ndiyo bahati, na siikatai. Lakini ni nani aliyechagua kwamba mchezo uamuliwe na mitupo ya mbali ya vijana wa mwaka wa kwanza, badala ya kuamuliwa chini ya kikapu na mtu wa sentimita 224? Ni timu dhaifu iliyochagua hivyo. Mnyonge aliye na akili huuvuta mchezo kuelekea mahali penye misukosuko mingi zaidi, kwa sababu mchezo ukienda kwa utulivu wa kawaida yeye ndiye atakayefungwa. Wiki hiyo ya kwanza Anderson aliwaambia wachezaji wake waziwazi, baada ya ushindi wa Dayton, kwamba kadiri alivyozidi kuitazama Purdue ndivyo alivyozidi kuamini wangeweza kuifunga, na watu wengi walimwona ni mtu wa kujigamba. Mimi naona alikuwa amesoma mchezo.

Mstari wa pointi tatu ndio silaha kuu ya aina hii. Virginia ya 2018 ilifunga 4 kati ya mitupo 22 ya mbali, wakati UMBC ilifunga 12 kati ya 24. Virginia ilikuwa pia na kasoro ya mtindo ambayo wachambuzi wengi huipita haraka: ilicheza taratibu mno, ikipunguza kwa makusudi idadi ya zamu za kushambulia. Kwa timu yenye nguvu jambo hilo ni hatari, kwa kuwa ubora hujidhihirisha kwa wingi wa zamu, kama vile sarafu isiyo sawa inavyojidhihirisha ukiirusha mara nyingi. Ukipunguza zamu unamsaidia mpinzani wako, na ukiwa umelingana naye 21 kwa 21 wakati wa mapumziko, kama ilivyokuwa usiku ule, hofu huingia upande mmoja tu. Villanova ya 1985 iliitumia kanuni hiyo kutoka upande wa mnyonge. Ikiwa namba 8, iliifunga Georgetown ya Patrick Ewing 66 kwa 64 katika fainali, ikifunga mitupo 22 kati ya 28, katika mashindano ambayo hayakuwa na saa ya kulazimisha timu irushe mpira, hivyo iliweza kuushika na kusubiri hadi nafasi nzuri ipatikane. Hadi leo hakuna timu ya namba ya chini zaidi iliyowahi kutwaa taji hilo.

Vigogo wengine watatu wa 2023 waliondoka kila mmoja kwa njia yake. Kansas, bingwa mtetezi, ilifungwa na Arkansas 72 kwa 71, kocha wake Bill Self akiwa hayupo benchi kwa sababu ya matibabu ya moyo. Alabama, iliyopangwa ya kwanza kuliko zote, ilifungwa na San Diego State 71 kwa 64 baada ya kufunga mitupo 3 tu ya mbali kati ya 27. Houston ilizidiwa na Miami 89 kwa 75. Pamoja na hayo Princeton, namba 15, iliifunga Arizona 59 kwa 55, na Furman, namba 13, iliipita Virginia 68 kwa 67 baada ya mchezaji mzoefu wa Virginia kuurusha mpira ovyo mikononi mwa wapinzani katika sekunde za mwisho. Florida Atlantic, namba 9, ilifika nne bora, ambako ilifungwa kwa pointi moja na San Diego State, 72 kwa 71, kwa mtupo wa Lamont Butler uliotoka mkononi muda ukikatika.

Kuhusu shaka ya kupanga matokeo nitasema machache. Kashfa za kamari katika mchezo huu zimewahi kuwapo, na kubwa ya zamani ni ile ya 1951, iliyokihusisha pia City College cha New York, ambacho mwaka uliotangulia kilikuwa kimeshinda mashindano yote mawili makubwa ya nchi. Lakini wachezaji wa wakati ule hawakulipwa hasa ili wafungwe. Walilipwa ili washinde kwa pointi chache kuliko zilizotarajiwa, jambo ambalo halionekani kirahisi. Kigogo kuanguka mbele ya nchi nzima ni kinyume cha namna wadanganyifu wanavyopenda kufanya kazi. Wanafunzi wako waelezwe kwamba mkeka kuchanika si ushahidi wa uhalifu.

Kabla sijafika kwa Connecticut, niruhusu nikumbushe jambo linalotuhusu sisi. Tarehe 21 Machi 2008, mjini Tampa, Florida, michezo minne ya raundi ya kwanza ilichezwa katika uwanja mmoja, na yote minne ilishindwa na timu yenye namba ya chini. Western Kentucky iliifunga Drake 101 kwa 99 katika muda wa nyongeza, Siena iliifunga Vanderbilt 83 kwa 62, Villanova iliifunga Clemson 75 kwa 69, na San Diego, namba 13, iliifunga Connecticut 70 kwa 69, nayo katika muda wa nyongeza. Senta wa Connecticut siku hiyo alikuwa Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa sentimita zaidi ya 220. Timu yake ilimpoteza mlinzi wake mkuu, A.J. Price, aliyeumia goti kipindi cha kwanza, na mtupo wa De'Jon Jackson ukaja ikiwa imebaki sekunde moja na kidogo. Mwaka uliofuata Thabeet na wenzake walirudi wakiwa namba 1 na wakafika nne bora, kisha akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA. Nayataja haya kwa sababu mwaka huohuo wa 2008, wenye siku iliyojaa mshangao kama ile ya Tampa, ndio mwaka ambao timu zote nne za namba 1 zilifika nne bora kwa mara ya kwanza. Mambo haya mawili yanaweza kukaa nyumba moja bila kugombana: raundi ya kwanza ina michezo mingi na mingi huponyoka, lakini kadiri raundi zinavyosonga, timu iliyokuwa na usiku mmoja mzuri hutakiwa kuwa na wa pili, wa tatu na wa nne, na hapo uzani halisi huonekana.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Connecticut ya 2023. Ilipangwa namba 4, na kwa macho ya anayesoma namba peke yake hata ushindi wake ulikuwa wa kushangaza. Lakini namba hizo ni maoni ya kamati inayotazama msimu mzima. Connecticut ilianza msimu kwa kushinda michezo 14 mfululizo, ikayumba kuanzia mwisho wa Desemba na kufungwa michezo sita kati ya minane, kisha ikajirekebisha. Kipindi kile cha kuyumba ndicho kilichoishusha, ilhali waliopima ubora wa timu kwa takwimu za kila zamu walikuwa wakiiweka miongoni mwa chache zilizo bora kabisa nchini. Ilipoingia Machi iliifunga Iona kwa pointi 24, Saint Mary's kwa 15, Arkansas kwa 23, Gonzaga kwa 28, Miami kwa 13, na katika fainali mjini Houston ikaifunga San Diego State 76 kwa 59, tofauti ya 17. Timu inayoshinda kwa wastani wa pointi 20 haiachi nafasi kwa mipira miwili iliyogonga chuma. Mchezaji bora wa hatua ya mwisho alikuwa Adama Sanogo, mzaliwa wa Mali. Kwa hiyo waambie wanafunzi wako kwamba mwaka ule uliojaa mshangao uliishia mikononi mwa timu iliyokuwa bora kweli, na kosa lilikuwa katika namba iliyoandikwa kando ya jina lake.

Kuna jambo moja zaidi ambalo hukuliuliza, lakini litawahusu wanafunzi wako wakianza kufuatilia mashindano ya sasa badala ya marudio. Mwaka 2025 timu zote nne za namba 1 zilifika tena nne bora, kwa mara ya pili tu katika historia, na timu zote zilizofika kumi na sita bora zilitoka katika ligi kubwa zenye fedha. Sababu inayotajwa sana, nami nakubaliana nayo kwa sehemu kubwa, ni mabadiliko ya 2021, yaliyowaruhusu wachezaji kulipwa kwa matumizi ya majina yao na kuhama chuo bila kukaa nje msimu mmoja. Saint Peter's ya Jersey City, namba 15, ilifika nane bora mwaka 2022 kwa kuzifunga Kentucky, Murray State na Purdue, na baada ya wiki chache kocha wake Shaheen Holloway alikuwa ameondoka na wachezaji wake wengi wametawanyika. Anderson naye alichukuliwa na Iona siku chache tu baada ya kuifunga Purdue. Chuo kidogo kilikuwa kikiwalea vijana kwa miaka minne hadi wajuane kwa kutazamana tu, na huo ukomavu ndio uliowaangusha vipaji vichanga vya vyuo vikubwa. Sasa kijana akionesha uwezo mwaka wake wa pili, hununuliwa. Mwaka mmoja hautoshi kutoa hukumu, lakini nina hofu ya kweli juu ya jambo hili, kwa sababu bila timu kama Fairleigh Dickinson raundi ya kwanza itabaki kuwa mazoezi ya vigogo.

Wakimaliza kuutazama mchezo wa Columbus, watafutie na fainali ya 2024. Edey hakwenda NBA baada ya aibu ile. Alirudi chuoni, Purdue ikapangwa tena namba 1, safari hii ikapita raundi ya kwanza na zote zilizofuata hadi fainali. Alifunga pointi 37, na bado Connecticut ilishinda 75 kwa 60. Waambie wahesabu ni mara ngapi Purdue ilirusha kutoka mbali usiku huo, kisha walinganishe na ile 26.